Nusu ya Nenosiri

Ujumbe ulinikuta hapa Migori, dukani kwangu, nimeinamia printa ya mwalimu mmoja iliyokuwa ikitafuna karatasi kama mbuzi. Ulikuwa mfupi: "Mama ametuacha. Mazishi ni Jumapili, nyumbani Magunga. Akinyi." Niliweka bisibisi chini. Mwalimu aliniuliza kama printa imepona, nikamjibu kwamba bado, na leo haitapona. Huku kwetu watu wengi huzikwa Jumamosi, siku ambayo wafanyakazi wana nafasi, lakini Mama Akinyi alikuwa Msabato kwelikweli, na kumbe hata maiti yake ilikataa kusumbuliwa siku ya Sabato. Nilicheka peke yangu huku machozi yakinidondoka. Mwalimu alinitazama, akaikumbatia printa yake, akaondoka nayo polepole bila kudai maelezo.

Ya nyumbani Ntimaru nitayaacha, nani alinizaa na nani alinisomesha, kwa sababu kila mtu ana yake na mengi yanafanana. Ninachotaka kukumbuka ni mwaka mmoja tu, ule nilioishi Homa Bay nikiwa na miaka ishirini na sita, cheti cha kompyuta kwenye bahasha ya kaki, na kiburi cha kutosha watu watatu. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga unga. Asubuhi mashine ya kinu ikianza kunguruma, kuta zilitetemeka na unga ukapenya chini ya mlango, ukatua juu ya meza, juu ya mafaili, katikati ya vitufe vya kompyuta yetu moja ya kupakata. Nilikuwa na brashi ya kupakia rangi ya kucha niliyoitumia kupangusa vitufe kila siku. Mpaka leo nikisikia harufu ya mahindi yaliyosagwa yakiwa bado moto, mkono wangu unatafuta brashi.

Kazi yetu ilikuwa kutunza karatasi za wajane. Anayetoka huku hahitaji kuelezwa sana. Mwanamume akifa, kabla hata matanga hayajaanuliwa, sanduku la karatasi hupotea chumbani, na hakuna aliyeliona. Hati ya shamba, mapatano ya kununua kipande, cheti cha ndoa, vyote huyeyuka. Wanawake walianza kutuletea karatasi mapema, wengine waume zao wakiwa hai bado na wanakohoa tu. Tulizipiga picha, tukazihifadhi mtandaoni, tukawarudishia wakaziweke sandukuni zisubiri wezi. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi refu, na pale ndipo nilipojifunza nusu ya Kijaluo ninachokijua, kwa kusikiliza kupitia pazia. Nilisikia nani amerudishwa kwao, shemeji yupi ameanza kuja kunywa uji bila kualikwa, na mara kwa mara kicheko kikubwa, kwa sababu wajane wakiwa wengi pamoja hucheka kuliko maharusi.

Mama Akinyi ndiye aliyekuwa na ofisi. Jina lake la kuzaliwa nililiona kwenye karatasi tu. Watu wote walimwita kwa jina la kifungua mimba wake, kama ilivyo desturi, na yeye mwenyewe akipokea simu alisema, "Min Akinyi hapa." Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili, na hakunywa chai ya majani kwa sababu ya dini yake. Mimi Mkatoliki nilikunywa vikombe vitatu mbele yake asubuhi, naye alikunywa maji moto yenye ndimu na kuniombea. Mchana alifungua bakuli la omena, dagaa wa ziwani, aliyoikaanga na nyanya hadi ikakauka, na ugali mweusi wa mtama, tukala kwa mkono kutoka sahani moja. Mimi Mkuria na yeye Mjaluo tuliongea Kiswahili, kila mtu na makosa yake. Aliniita "nyathina," mtoto wangu, hata siku alizonikasirikia.

Siku aliyonikasirikia kweli ilikuwa mwezi wa pili. Wakati ule nenosiri la akaunti yetu ya mtandaoni lilikuwa limebandikwa ukutani, juu ya swichi ya taa, ili nisisumbuke kulikumbuka. Mzee mmoja aliingia akakaa kwenye benchi la wajane, miguu ameipanua, akatuambia anajua shemeji yake ameleta karatasi tatu na anajua zinasema nini. Alizitaja moja moja. Hatukuwahi kujua aliyezisoma ni nani. Ukuta uliona watu wengi. Mzee alipotoka, Mama Akinyi alibandua ile karatasi na kuitia mfukoni. "Hawa wanawake wananiamini mimi," alisema. "Wewe umewaweka kwa barabara." Aibu niliyoiona siku ile sijaisahau. Sikula omena, na hakuniuliza kwa nini.

Nilikaa siku nne kwenye saiba jirani, pale watu wanapolipia mtandao, nikitafuta dawa, na dawa ikawa programu huria ya kusimba mafaili. Haikuuzwa, wala haikuwa na mwenyewe mmoja. Ilitengenezwa na watu wa nchi mbalimbali, na kila mstari wake uliwekwa wazi asomaye asome. Ilifanya kazi kama kabati. Unatia faili ndani ya kabati kwenye kompyuta yako, programu inaivuruga pale pale, na kinachopanda mtandaoni ni takataka tupu. Nilipomwonyesha Mama Akinyi jinsi akaunti yetu inavyoonekana sasa, majina ya mafaili yote yamegeuka herufi zisizosomeka, alisogeza miwani.

"Hii ni kama kuku imekanyaga unga."

"Ndiyo, Mama. Hata wale wanaotutunzia mtandaoni wanaona hivyo hivyo."

"Lakini umesema kila mtu anaweza kuona vile hiyo kufuli imetengenezwa. Si mwizi pia ataona?"

Nilimuuliza kuhusu yule fundi wa sokoni anayefua makufuli mbele ya watu. "Kila mtu anamwona akitengeneza. Anaweza kufungua lako?"

Alifikiri, kidole kikizunguka mdomo wa kikombe cha ndimu. "Bila ufunguo, hapana. Na ile inatengenezwa kwa chumba, mlango imefungwa, ndiyo ya kuogopa. Huwezi jua kama fundi amejiwekea ufunguo yake kando." Wanafunzi wangu wa leo nawaeleza jambo hilo kwa wiki nzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulisema vizuri hivyo.

Yeye ndiye aliyetaka nenosiri ligawanywe. Nusu ya kwanza nichague mimi, nusu ya pili achague yeye, na kila mmoja aandike yake mwenzake akiwa amegeuka. Hivyo hakuna shemeji atakayemnunua mmoja wetu akafaidika. Mimi nikaongeza kanuni zangu, kwa sababu nilikuwa najikomboa: maneno matatu kila mtu, yasiandikwe popote, yasisemwe kamwe, na mtu akiyasema tu, kwa sababu yoyote ile, yabadilishwe siku hiyo hiyo. "Na majina ya watoto hapana," nilimwambia. "Majina ya watoto wako kila mtu anayajua. Chagua kitu usichoweza kusahau na ambacho hakuna mtu mwingine duniani atakitaja." Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia. Kisha akasema, "Geuka."

Programu ilitupa pia maneno ya akiba, ya kufungulia endapo tungesahau. Niliyachapisha karatasini. Mama Akinyi aliichukua, akaenda nayo jikoni kwa majirani wa kinu, akaitia kwenye moto. "Karatasi ndiyo imewaponza hawa wanawake," alisema aliporudi. Nilijua programu haina kitufe cha kusema umesahau, kwamba kabati lile likifungwa bila maneno yetu halitafunguliwa na mtu yeyote. Nilijua, na bado nilifurahi. Tulijiona wajanja sana.

Basi kila asubuhi ikawa ibada yetu ndogo. Niliandika maneno yangu matatu, nikainuka, nikasimama dirishani nikitazama punda wa kinu, na nyuma yangu nikasikia vitufe vikigongwa kimoja kimoja, taratibu, kwa kidole kimoja cha shahada. Alichukua muda mrefu. Mimi mwenye haraka zangu nilidhani ni ugeni wa kompyuta, na nikawa namtania: "Mama, unaandika barua?" Aliendelea kugonga. Akimaliza alisema, "Haya," kwa sauti iliyotulia, na siku ikaanza. Ijumaa saa tisa aliondoka mapema akapike chakula cha Sabato kabla jua halijazama, akazima simu, na sikumsikia mpaka Jumamosi jioni. Ofisi ilifungwa Jumamosi hata hivyo. Miezi ikapita, kabati likajaa.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, saa moja asubuhi, simu yangu ililia. Alikuwa Mama Ouma, mmoja wa wale waliotuletea karatasi waume zao wakiwa bado wanakohoa. Mumewe alikuwa anazikwa siku ile, na kaburi lilikuwa halijachimbwa. Shemeji yake alikuwa ametangaza mbele ya waombolezaji kwamba kipande kile chenye boma la marehemu ni chake, hakikuwahi kuuzwa, kwa hiyo maiti ikalale kwenye boma lake yeye. Huku mwanamume aliyejenga huzikwa ndani ya boma lake. Akizikwa nje, ni kama mmesema mbele ya watu wote kwamba hakuwahi kuwa na boma, na mjane na watoto ni wageni waliochelewa kuondoka. Sanduku lilikuwa tupu. Chifu angefika saa tano, na alikuwa amesema neno moja: karatasi.

"Dada Robi, ile karatasi iko?" aliniuliza. Nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba.

"Iko, Mama Ouma."

Nilikimbia ofisini, nikawasha kompyuta, nikaandika nusu yangu, nikapiga simu kwa Mama Akinyi. Imezimwa. Nilisimama pale, mkono ukiwa bado kwenye simu, ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Tulikuwa tumeugawa ufunguo kati ya Mkatoliki na Msabato, na katika ujanja wetu wote hakuna aliyekumbuka kwamba kila wiki nusu moja huzimwa kuanzia Ijumaa jua likitua. Na karatasi ya akiba tulikuwa tumeitia motoni.

Kanisa lao lilikuwa nje kidogo ya mji. Nilifika kwa bodaboda, nimevaa suruali, kompyuta nimeikumbatia kifuani ndani ya begi. Walikuwa kwenye somo la asubuhi. Mzee wa mlangoni aliangalia begi langu, akaninong'oneza, "Dada, hiyo mashine hapana." Nikamwambia namtaka Mama Akinyi, ni habari ya msiba. Mama Akinyi alitoka, leso begani, akanivuta hadi chumba cha jikoni nyuma ya kanisa, ambamo masufuria ya chakula kilichopikwa Ijumaa yalikuwa yamepangwa sakafuni, yamefungwa kwa mablanketi yasipoe. Tulisimama katikati ya masufuria. Nikamweleza yote.

"Mimi siwezi shika hiyo kitu leo," alisema.

"Najua, Mama. Lakini ng'ombe akianguka kisimani siku ya Sabato..."

"Usinifundishe Biblia, nyathina. Ng'ombe nitatoa." Alikaa juu ya gunia la viazi. Nilikuwa nadhani anapigana na Sabato. Muda ulikuwa unaenda, na nilitaka kumtikisa mabega. Kumbe Sabato alikuwa amemalizana nayo tangu nilipotaja jina la Mama Ouma. "Sitaandika. Nitakuambia, uandike wewe. Lakini nikisema, nimesema. Sitawahi kukuwa sijasema."

"Nitayabadilisha leo hii. Kanuni..."

"Inama hapa."

Nikainama. Akaniambia sikioni: Achieng, Odhiambo, Awuor.

Nilisimama wima. Kwa mshangao, nakiri kwa aibu, kitu cha kwanza kilichonitoka kilikuwa kanuni. "Nilikwambia majina ya watoto hapana."

"Ulisema kwa sababu kila mtu anayajua," alijibu. "Hawa hakuna mtu anawajua." Kisha, kwa ile sauti yake ndogo, huku ndani wakianza wimbo, akanieleza kwamba kabla ya Magunga alikuwa ameolewa kisiwani Mfangano, na kwamba huko alizaa watatu. Achieng alizaliwa jua likiwaka, Odhiambo jioni, Awuor usiku, kama majina yao yasemavyo. Hakuna aliyefika kutembea. Baada ya wa tatu, watu wa mume walimpandisha boti na mfuko mmoja. Alipoolewa tena hakusema, na wa kwao waliojua walinyamaza, wakafa mmoja mmoja. "Hata Akinyi anajua tu nilikuwa huko nauza samaki. Sikuwa na mahali ya kuwataja. Halafu wewe ukaniambia nitafute kitu siwezi sahau na hakuna mtu mwingine atasema." Alifuta uso kwa ncha ya leso. "Andika sasa. Kaburi inangoja."

Niliandika. Miezi sita nilikuwa nimesimama dirishani nikitazama punda, nikimtania mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akiwaita watoto wake. Kabati lilifunguka. Yale mapatano ya kununua kipande yalikuwepo, yakiwa na alama za vidole gumba na majina ya mashahidi sita, wa tatu akiwa shemeji mwenyewe. Nikayatuma kwenye simu ya chifu. Kabla ya saa sita Mama Ouma alipiga, akasogeza simu tu nikasikia majembe yakigonga ardhi ya boma lake. Mama Akinyi alikuwa amesharudi kwenye kiti chake kanisani. Baada ya ibada walifungua yale mablanketi, wakanikalisha na suruali yangu, wakanipa samaki mbuta wa mchuzi na wali uliokuwa bado una moto kidogo. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na sidhani ni kwa sababu ya mapishi.

Jumatatu nilifungua ukurasa wa kubadilisha nenosiri. Mama Akinyi aliweka kiganja chake kipana juu ya vitufe. "Usibadilishe."

"Mama, tumeyasema. Kanuni ni..."

"Sasa tuko wawili tunawajua. Iache hivyo."

Mimi niliyekuwa mkali wa kanuni kuliko polisi wa barabarani nilifunga ukurasa ule. Kuanzia siku hiyo hakuniambia tena nigeuke. Niligeuka tu mwenyewe, na sikumtania tena.

Ofisi ilifungwa mwisho wa mwaka, wafadhili walipochoka. Tulimpa kila mwanamke karatasi zake kwenye flashi ndogo ya kuning'iniza shingoni, na nenosiri lake mwenyewe, nikahamia Migori. Kabati likabaki tupu. Sijalifuta. Kila ninaponunua kompyuta mpya naliweka, naandika nusu yangu, kisha yake, polepole, kwa kidole kimoja. Halina faili hata moja ndani. Mume wangu aliwahi kuniuliza ni la nini, nikamwambia ni la majaribio. Nilimpenda mama yule, na sikuwahi kumwambia kwa maneno, kwa sababu nilidhani muda upo.

Jumapili ile Magunga, walitugawia karatasi za ratiba ya mazishi. Nilisoma: mama wa watoto wanne, kifungua mimba wake ni Akinyi. Nilikunja karatasi nikaiweka ndani ya mkoba. Baada ya kaburi kufunikwa nilimkuta Akinyi jikoni, mwanamke mzima sasa, mpana kama mama yake, anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Auntie Robi," alisema bila kuinua macho, "wiki ya mwisho Mama alikuwa anaita watu. Majina matatu, tena na tena. Tukauliza wazee wote wa hapa. Hakuna mtu anawajua. Ndugu zangu wanasema ni dawa ilimchanganya." Alisimamisha mkono. "Nimeogopa, Auntie. Kama kuna watu alikuwa anawataka na hatukuwaita?"

Nilikuwa nimejiapia kutoyasema. Nimekaa miaka yote hii nikiwafundisha vijana kwamba nenosiri halisemwi kwa mama wala kwa padri. Kanuni zile nilizitunga mimi, na nusu ile haikuwa yangu. Lakini nilimwona pale Mama Akinyi kwenye gunia la viazi, akichagua kati ya kimya chake na boma la mtu mwingine, na nikajua angefanya nini.

"Inama hapa," nikamwambia.

Nikamwambia sikioni, kwa mpangilio ule ule. Kisha nikamweleza kuhusu Mfangano, na yale ya kanisani, na kile kidole kimoja kila asubuhi. Alisikiliza, sufuria ikiwa kifuani. Nilipomaliza, midomo yake ilihesabu. "Mchana, jioni, usiku," alisema. "Halafu mimi, asubuhi." Akaweka sufuria chini. "Kumbe mimi ni wa nne."

Alitoka nje na mikono yenye majivu, akapita katikati ya viti vya kukodi na watu waliokuwa wakiagana, nami nikimfuata. Alisimama kwenye udongo mbichi. Alisema kwa Kijaluo, kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwepo, maneno ambayo hata mimi wa benchi la wajane niliyaelewa: lala kwa amani, Min Achieng. Mama wa Achieng.

Watu waligeuka kutazama, wakidhani uchungu umemchanganya. Ndugu yake mmoja alianza kuja kumshika. Nilimzuia kwa mkono, nikamwambia, "Mwache. Amesema sawa."